Sahani ya Tsar: anza na kitako chake
Ukionyeshwa sahani ya kifalme ya Urusi, usihadaike na tai mwenye vichwa viwili aliyechorwa mbele. Huyo huigwa kirahisi. Igeuze. Kiwanda cha kifalme cha vyombo vya kauri cha St. Petersburg, kilichoanzishwa 1744, kilitia chapa ya mtawala. Ya Nicholas II, tsar (mfalme) wa mwisho, ni ya kijani: herufi kama H (ndiyo N ya Kirusi), namba II, taji juu, mwaka chini. Pitisha ukucha taratibu. Chapa ya kweli ni laini kabisa, kwani ilitiwa kabla ya sahani kupakwa tabaka la kung'aa na kuchomwa; ukucha ukikwama, tilia shaka. Ila chapa hutaja umri wa sahani, si wa mchoro: baada ya mapinduzi ya 1917, sahani tupu zilizobaki ghalani zilichorwa nyundo na mundu, nembo ya utawala mpya wa kikomunisti.