Fanksheni ikikosa jibu irudishe nini?

Mifano nitatumia Python ila mambo ni yale yale hata kwenye lugha zingine.

Kwanza jiulize, kukosa jibu hapa ni kawaida au kuna kitu kimeharibika? Mtu akitafuta mteja kwa namba ya simu na mteja hayupo, hiyo ni kawaida kabisa, rudisha `None` (thamani ya Python inayomaanisha "hakuna kitu"). Lakini kama una oda mkononi, oda ina ID ya mteja, halafu huyo mteja mwenyewe hayupo kwenye databesi, hapo usirudishe `None` ukajifanya hujaona, tupa eksepsheni (kosa linalosimamisha programu lisiposhughulikiwa) ijulikane mapema, maana hiyo `None` itazunguka huko ndani na ikija kulipuka ni faili lingine kabisa, na wewe unabaki kuangalia `'NoneType' object has no attribute` hujui imetoka wapi.

Kama fanksheni inarudisha vitu vingi, mfano miamala ya leo, na hakuna hata mmoja, rudisha listi tupu `[]`. Basi. Anayeiita ataweka `for`, lupu haitazunguka hata mara moja, na wala hahitaji `if`.

Sasa kinachoua watu ni jibu la uongo linalofanana na jibu la kweli. Cheki hii:

`email = "asha.gmail.com"`
`domeni = email[email.find("@"):]`

Alama ya @ haipo, kwa hiyo `find`, inayotafuta kitu kiko nafasi ya ngapi, inarudisha -1, na Python ukiipa -1 inahesabu kutoka mwisho, so `domeni` inakuwa `"m"`. Hakuna eksepsheni, hakuna onyo, unaseva "m" kwenye databesi na maisha yanaendelea 😅 Ungetumia `index` badala ya `find` ungepigwa `ValueError` palepale. PHP nayo ina yake, `strpos` (ndo `find` ya huko) ikikosa inarudisha `false`, ikipata mwanzoni kabisa inarudisha 0, na ndani ya `if` zote mbili ni sawa tu, ndo maana lazima uandike `=== false`.

Namba ndo hatari zaidi. Salio la 0 na akaunti isiyokuwepo ni vitu viwili tofauti, usivichanganye. Wastani wa mwanafunzi ambaye hajafanya mtihani wowote sio 0, ukiweka 0 umemfelisha bure (`statistics.mean([])` yenyewe inakataa, inatupa `StatisticsError`). Na ukishapokea jibu usiandike `if salio:` kwa sababu 0 nayo itahesabika kama hakuna, andika `if salio is not None:`.

Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta aliyeleta null (ndo `None` ya lugha zingine) mwaka 1965 kwenye lugha ya ALGOL W, alikuja kuiita mwenyewe mwaka 2009 kosa la dola bilioni moja. Mimi sioni `None` ni mbaya, ubaya ni kuificha. Java 8 ilileta `Optional`, Rust ina `Option`, zote za kusema wazi kwamba jibu linaweza kukosekana, na kwenye Python andika tu `-> Mteja | None` halafu mypy (zana inayokagua aina za data kabla kodi haijaendeshwa) itamkumbusha anayesahau kucheki.

Ukiona wengine wanataka `None` na wengine wanataka eksepsheni, tengeneza mbili, kama dikishenari ya Python yenyewe ilivyo, `d["simu"]` inatupa `KeyError` na `d.get("simu")` inarudisha `None`. Ila fanksheni moja leo irudishe `None`, kesho `False`, siku nyingine `""`, hiyo hapana aisee.