Jinsi ya kupima kama fayawoli yako inaweza kuangushwa kwa pakiti moja ya DNS (CVE-2024-3393)

Wakuu, hii naiandika baada ya kukaa kwenye simu karibu masaa matatu na dogo mmoja anayesimamia network ya taasisi fulani hapa Dar. Bosi wake kaletewa ripoti ya skana imejaa nyekundu, mojawapo ni CVE-2024-3393 (CVE ni namba ya usajili ya pengo la usalama), na swali aliloulizwa ni fupi tu, tuko hatarini au hatuko. Dogo akajibu tuko hatarini kwa sababu skana imeandika 8.7, alama ya ukali wa pengo kati ya 10. Sasa hapo hajapima kitu, kasoma namba kwa sauti.

Kwa ambao hawaikumbuki, hii ilitangazwa baada tu ya Krismasi 2024, wakati nusu ya mafundi wa network wa mji huu wako Moshi wanakula mtori na simu haishiki mtandao vizuri. Iko kwenye PAN-OS, mfumo unaoendesha fayawoli za Palo Alto Networks, kwenye kile kipengele cha DNS Security kinachokagua maswali ya DNS, ule mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Mtu hahitaji akaunti wala paswedi, anapitisha pakiti mbovu ya DNS kwenye fayawoli, fayawoli inashindwa kuimeza, inariboti. Akirudia rudia inafika mahali haiwaki tena kama kawaida, inaingia maintenance mode, na ikifika hapo lazima mtu aiendee mwenyewe aitoe kwa mkono. Haiibi data na haibadilishi kitu, inaangusha basi. Tarehe 30 Desemba 2024 CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa serikali ya Marekani, waliiingiza kwenye orodha yao ya mapengo ambayo washambuliaji wanayatumia kweli, wakazipa ofisi za serikali ya huko mpaka 20 Januari 2025 ziwe zimemaliza. Kwahiyo siyo kitu cha maabara.

Natumia hii kama mfano maana ina masharti yake, na masharti ndiyo yanayowapiga watu chenga.

Hatua ya 1: Orodhesha fayawoli zote

Zote, pamoja na ile ya tawini, ile ya majaribio iliyosahaulika, na zile za VM (fayawoli za programu, zisizo na boksi lake). Tusonge.

Hatua ya 2: Angalia toleo, na tafadhali usitumie Excel kupanga

Ingia kwa SSH, yaani kwa kuandika amri kutoka mbali (mimi sipimi kitu chochote kwa kubofya bofya kwenye brauza, utasahau ulichobofya na hubaki na ushahidi) halafu:

`show system info | match sw-version`

Linganisha na hizi: 11.2 imepona kuanzia 11.2.3, 11.1 imepona kuanzia 11.1.5, 10.2 tatizo linaanzia 10.2.8 na kama uko kwenye mstari wa 10.2.10 dawa ni 10.2.10-h12 (h ni hotfiksi, kiraka kidogo juu ya toleo), 10.1 tatizo linaanzia 10.1.14 na dawa ni 10.1.14-h8. Mistari mingine midogo ina hotfiksi zake, soma tangazo la kampuni lenyewe, usitegemee picha uliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp. Kama uko kwenye 11.0 pole, ile ilifika mwisho wa maisha yake 17 Novemba 2024 na haikutengenezewa dawa, hapo ni kuhama tu.

Excel nimeitaja kwa sababu dogo alikuwa na fayawoli moja iko 10.2.10-h9 na akaiweka kwenye kundi la zilizopona, kwa sababu aliposoti kolamu, h9 ilikaa juu ya h12. Kompyuta inasoma ile kama maneno, kwake 9 ni kubwa kuliko 1, haina habari kwamba mbele ya 1 kuna 2. Soma kwa macho yako. Na kuna wengi walipandisha matoleo Novemba 2024 kwa ajili ya CVE-2024-0012, ile ya upande wa menejimenti (mlango wa kuisimamia fayawoli yenyewe), wakajua wamemaliza mwaka salama. Ile ni nyingine na hii ni nyingine, hotfiksi iliyoziba ile siyo lazima izibe hii.

Skana nyingi zinaishia hatua hii. Zinaona toleo, zinapaka nyekundu, zinaondoka.

Hatua ya 3: Masharti mawili, leseni na logi (hapa kaa chini, chukua chai)

Ili fayawoli iangukie kwenye shimo hili inatakiwa iwe na leseni ya DNS Security au Advanced DNS Security, NA iwe imewashiwa kuandika logi za DNS Security. Yote mawili. Ukikosa moja, toleo lako hata kama ni bovu pakiti haikuangushi kwa njia hii.

Leseni ni rahisi: `request license info`, tafuta jina, umemaliza.

Logi ndiyo ilinimalizia Jumapili nzima mara ya kwanza nilipopima hii kitu, na ndiyo hiyo hiyo ilimkwamisha dogo. Mpangilio wake unakaa ndani ya profaili za Anti-Spyware, kwenye DNS Policies, kila kundi la DNS Security lina kiwango chake cha logi. Kwenye CLI (sehemu ya kuandika amri) unafanya hivi:

`set cli pager off`
`set cli config-output-format set`
`configure`
`show profiles spyware`

Unatafuta mistari yenye `dns-security-categories` inayoishia na `log-level`. Dogo akafanya hivyo, akanipigia kwa furaha, "Kaka tuko salama, leseni ipo ila profaili hakuna hata moja, imerudi tupu!" Nikamuuliza swali moja tu, hiyo fayawoli inasimamiwa na Panorama (mfumo wa Palo Alto wa kusimamia fayawoli nyingi kutoka sehemu moja)? Kimya. Halafu, "Ee, ndiyo kaka."

Sasa sikilizeni. Kama fayawoli inapokea mipangilio yake kutoka Panorama, zile profaili haziko kwenye kofiga ya pale pale kwenye boksi, zimesukumwa kutoka juu, na `show profiles spyware` inakuonyesha vya hapo ndani tu. Inarudi tupu na haikwambii kwamba kuna vingine mahali pengine. Mimi nilishaandika ripoti nzima kwamba boksi sita hazina tatizo kwa sababu ya utupu huo huo, nikaituma, halafu usiku nikiwa nimelala ikanijia kichwani kwamba mbona hizi boksi zinazuia domeini mbaya kila siku kama hazina profaili? Zinazuia na nini? Nikaamka. Asubuhi nikaandika barua ya kujisahihisha, na hakuna kitu kinauma kama kumwambia mteja ile karatasi ya jana itupe.

Amri unayoitaka, ukiwa umetoka kwenye configure, ni hii:

`show config pushed-shared-policy`

Itamwaga maandishi mengi sana. Usiyachuje na `match` moja kwa moja kwa sababu utapata mistari ya log-level bila kujua ni ya profaili gani. Washa kurekodi kwenye programu yako ya SSH, mwaga yote kwenye faili, halafu isome kwenye kihariri cha kawaida. Na kama boksi lina vsys (fayawoli pepe ndani ya boksi moja) zaidi ya moja hakikisha umeziona zote.

Ukishaziona profaili, mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, neno `default` kwenye log-level halimaanishi imezimwa. Dogo alilisoma hivyo na namuelewa, ukiona default unadhani hakuna aliyegusa. Maana yake ni kwamba inatumia kiwango cha kiwandani cha kundi hilo, kwahiyo kwa makundi kama ya malware logi zinaandikwa. Iliyozimwa imeandikwa `none`, vinginevyo ihesabu imewashwa.

Pili, usiangalie kundi moja ukaridhika. Makundi ni mengi, la malware lina yake, la phishing lina yake, la amri na udhibiti (command and control, virusi kupokea amri kutoka nje) lina yake, na mtu aliyekutangulia huenda alizima mawili akaitwa kwenye kikao hakurudi tena.

Tatu, angalia profaili imebandikwa kwenye sheria gani. Profaili isiyobandikwa popote haikagui kitu, ila mimi naiandika kwenye ripoti hata hivyo, kwa sababu ipo siku mtu ataibandika bila kukuuliza.

Hatua ya 4: Nani anaweza kuifikisha pakiti?

Watu wakisikia shambulio la kuangusha huduma wanawaza mafuriko ya data, maelfu ya mashine. Siyo lazima. Mwaka 2016 watu wa TDC kule Denmark walionyesha kitu wakakiita BlackNurse, pakiti za ICMP (ujumbe wa makosa wa mtandao) aina ya 3 kodi ya 3, na megabiti 15 mpaka 18 kwa sekunde zilitosha kuchosha prosesa za baadhi ya fayawoli zilizounganishwa kwenye laini kubwa kuliko hapo mara nyingi. Hii ya DNS hata huo mzigo haiuhitaji.

Na pakiti inapita upande wa data, kule trafiki ya watumiaji inakopita, haiji kwenye anwani ya menejimenti. Kwahiyo ile kauli ya "sisi menejimenti tumeifungia ndani" hapa haikusaidii. Jiulize trafiki gani ya DNS inapita kwenye sheria zenye zile profaili ulizozikuta hatua ya 3. Wafanyakazi kwenda nje? Waifai ya wageni? Seva yenu ya DNS inayopokea maswali kutoka intaneti? Waifai ya wageni ndiyo huwa naitilia shaka kuliko zote, maana pale anakaa yeyote aliyeagiza soda. Hata ile 8.7 inatoka hapa hapa, ni hali ya mtu yeyote asiyejulikana kuweza kutuma. Kampuni yenyewe imeandika kwamba kama wanaofika ni watumiaji wenye akaunti kupitia Prisma Access (huduma ya wingu ya Palo Alto ya kuunganisha watumiaji) tu, alama inashuka mpaka 7.1. Pengo ni lile lile, kilichobadilika ni mlango.

Tafadhali usitafute kodi ya kushambulia ujaribu kwenye boksi linalofanya kazi "ili kuhakikisha". Umeshajua toleo, leseni na logi, unataka kuhakikisha nini tena? Ukitaka kujua kioo kinavunjika hulazimiki kukipiga jiwe.

Hatua ya 5: Je, imeshakutokea?

`show system info | match uptime`
`show system files`

Ya pili inaonyesha mafaili ya core yanayobaki baada ya prosesi kuanguka. Linganisha tarehe zake na logi za mfumo. Kwetu hapa kuna usumbufu wa ziada, umeme unakatika, UPS imechoka, boksi linazima, kwahiyo riboti peke yake siyo ushahidi. Angalia kama vifaa vingine kwenye raki ile ile vilizima muda ule ule. Swichi ya chini yake ina siku 200 bila kuzima na fayawoli imewaka upya mara tatu wiki hii? Hapo usilale. Hifadhi mafaili ya tech support kabla hujapandisha toleo.

Hatua ya 6: Ikianguka, nini kinasimama?

Mtu atakwambia tuna mbili, moja ikianguka nyingine inapokea. Sawa, lakini mbili hizo zina toleo moja na kofiga moja, na pakiti iliyoangusha ya kwanza hakuna kinachoizuia isije kwa ya pili. HA, yaani huo mpango wa mbili zinazopokezana, ni kinga ya kifaa kuharibika, siyo kinga ya ugonjwa ambao wote wawili wanao. Halafu uliza ni nani anayeweza kufika pale kama ikiingia maintenance mode. Kwa dogo, boksi la tawi liko Mtwara na pale hakuna fundi, kuna mlinzi na mhasibu. Hiyo kwangu ndiyo iliyopandisha hatari kuliko ile 8.7.

Hatua ya 7: Dawa

Pandisha toleo. Kama huwezi leo, kwenye kila profaili ya Anti-Spyware weka kiwango cha logi `none` kwa makundi yote ya DNS Security, kisha komiti (thibitisha mabadiliko yaanze kazi). Kama ziko Panorama, badilisha huko na usukume. Profaili za kiwandani, default na strict, hazihaririki, unatengeneza nakala yake, unabadilisha nakala, unabandika nakala kwenye sheria. Gharama yake ni kwamba kuzuia kunaendelea lakini huoni tena nani aliuliza domeini gani mbaya, na kwa wale wanaokusanya logi kwenye SIEM (mfumo wa kukusanya na kuchambua logi zote) hilo ni pengo kweli. Kwahiyo andika tarehe ya kurudisha kabla hujakomiti. Nimeshakuta sehemu wamezima logi "kwa muda" na muda wenyewe una miezi minane.

Ripoti aliyomtumia bosi mwishoni ilikuwa mistari minne: boksi tano, tatu zina toleo bovu, mbili kati ya hizo zina leseni na logi zimewashwa, moja ya hizo mbili ni ya Mtwara, nayo waifai ya wageni inapita humo humo. Logi zimezimwa leo, matoleo yanapandishwa Jumamosi usiku, ya Dar kwanza. Bosi akajibu "sawa", halafu akauliza nani anaenda Mtwara na kebo ya konsoli.