Kuzamia usiku na washkaji hapa Dar

Wengi wakishapata leseni ya kuzamia baharini na mtungi wa hewa, mzuka unaofuata ni usiku, alafu wanapanga Jumamosi yoyote ambayo wana wote wako huru, wakati tarehe anaipanga mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Dar yanapwa na kujaa zaidi ya mita 3, sasa mkondo wa namna hiyo gizani sio starehe tena, mtatafutana. Subirini maji mafu, zile siku mwezi uko nusu, na muangalie jedwali la kupwa na kujaa mjue maji yanasimama saa ngapi. Kusi likivuma, boti zikiwa zinarukaruka tu pale Msasani, kaleni chipsi mrudi nyumbani.

Nendeni mahali mlishapazamia mchana. Miamba ya visiwa vya Mbudya au Bongoyo inatosha, mita 10 hivi, mnaenda chini zaidi kutafuta nini? Ni hifadhi ya bahari pia, kwahiyo mnalipa kiingilio na hakuna kuokota kitu. Ingieni jua linazama ili macho yazoee giza taratibu.

Tochi ndo roho ya safari. Kila mtu mbili, kubwa mkononi na ndogo ya akiba, plus kijiti cha mwanga kimefungwa kwenye mtungi. Ishara mkubaliane mkiwa bado kwenye boti: kuchora duara taratibu kwa mwanga maana yake niko poa, kuyumbisha kulia kushoto harakaharaka maana yake njoo kuna shida. Usimmulike mwenzio usoni hata siku moja, ukitaka aone mkono wako mulika mkono. Mnaenda wawili wawili, ukimpoteza mwenzio zunguka utafute mwanga wake, dakika moja ikiisha humuoni panda juu, hamna ubishi. Ukianza na bar 200 (presha ya hewa kwenye mtungi) geuka kwenye 100, na kupanda ni polepole, unasimama mita 5 kwa dakika tatu.

Huko chini sasa, utamu! Pono kalala kwenye ufa wa mwamba kajifunika ute wake kama kalala ndani ya chandarua, ukimkaribia unaona mpaka jicho halijafumbwa (mpishe, usimkodolee mwanga). Macho ya kamba yanang'aa mekundu. Mkitulia bana tochi kifuani alafu pepea mkono, zinatoka cheche za bluu kwenye maji.

Baridi msiidharau. Wazamiaji wa Loch Fyne kule Scotland wanavaa suti kavu, zile zisizoingiza maji kabisa, sisi maji ni nyuzi 25 mpaka 29 ila ukitoka umelowa upepo wa boti unakutetemesha kinoma, kwahiyo suti ya kuzamia yenye unene wa milimita 3 au 5, koti, na chupa ya chai ya tangawizi. Nahodha abaki kwenye boti na taa inawaka, maana ngalawa zingine zinapita bila taa kabisa.

Mwenye ndege ya Mwanza alfajiri amsaidie nahodha tu kushika taa: ukizamia mara moja ni angalau masaa 12 kabla ya kupaa, na kama mchana pia alizamia ni 18.