Kabla hujaenda kutafuta reli ya Mjerumani kule Sigi

Kwanza toa kichwani picha ya treni lililoota kutu porini. Reli ya Sigi ilikuwa ndogo, upana sm 75 tu, Mjerumani alianza kuijenga 1904 kutoka Tengeni, huko Muheza mkoani Tanga, ikapanda na bonde la mto Sigi kama kilomita 23 hivi, kazi yake kubwa kushusha magogo ya Usambara Mashariki. We unachokwenda kutafuta ni ardhi yenyewe, ukiona ubavu wa mlima umechongwa alafu njia inapanda polepole simama hapo uangalie vizuri, maana njia za miguu huwa zinakata mlima moja kwa moja ila treni haiwezi. Nyumba ya stesheni masta ipo pale Sigi getini, anzia hapo.

Na pale getini ndo unalipia, sababu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, beba kitambulisho maana bei ya mtanzania na ya mgeni hazifanani. Muongoza njia mchukue hata kama una GPS ya simu, chini ya miti ile mikubwa simu inakuzungusha tu, yeye anajua wapi pana nyoka na wapi kuna mashimo walioacha wachimba dhahabu, mengine yamefunikwa na majani huyaoni mpaka umeshaingia.

Sasa mvua, hapa naomba mnisikilize. Machi mpaka Mei usiende, na hata miezi mingine usiamini jua la bondeni, mvua inapiga juu Amani we huku chini umekaa kwenye jiwe unakula chapati zako, ghafla maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiona hivyo toka mtoni muda huohuo, usisubiri yapande. Mi nilivuka asubuhi maji magotini, saa nane yalikuwa kifuani, tukazunguka masaa mawili kutafuta daraja.

Vaa gambuti, suruali uichomeke ndani ya soksi, siafu wa kule hawana adabu. Chanjo ya pepopunda kama ni ya zamani irudie, misumari ya zamani ipo kwenye udongo. Ukiokota kipande cha chuma piga picha ukirudishe kilipokuwa. Na keshi uibebe toka Muheza, bodaboda wa kurudi anakupangia bei akishaona matope yako.