Kompyuta ya gemu kwenye Noah: anza na wati

Wazazi wanaokuja gereji kutaka kompyuta ya gemu siti za nyuma huanza kunitajia gemu. Huyu anataka GTA V, yule mpira wa EA, mwingine ananiambia nimtafutie mashine "yenye kadi kubwa". Mimi ni fundi umeme wa magari, kwa hiyo swali langu la kwanza ni jingine: gari lako lina wati ngapi za kugawa? Ukishalijibu hilo, mashine zinazokufaa zinabaki chache tu, na pesa yako inakuwa salama.

Tuanze na laita, kwa sababu ndiyo tundu ambalo kila mtu hulikimbilia. Fungua kisanduku cha fyuzi usome. Toyota nyingi zinazopita mikononi mwangu zina fyuzi ya ampea 15 hapo. Volti 12 mara 15 ni wati 180, lakini fyuzi na vyuma vya tundu havikutengenezwa kukaa ukingoni mchana kutwa. Kwenye tundu lenyewe mara nyingi pameandikwa 120W, na mimi hushuka zaidi ya hapo: kompyuta, skrini na pedi kwa pamoja visizidi wati 100 gemu ikiwa imekolea. Ukitaka zaidi, vuta waya mpya kutoka kwenye betri.

Kwa kipimo hicho PS5 imeshatoka, maana gemu nzito huifikisha karibu wati 200. Kompyuta ya mezani nayo ngumu. GTX 1650, kadi ya picha inayosifiwa kwa kula kidogo, peke yake ni wati 75, na bado hujaihesabu prosesa. Usinunue kadi ya picha ya kuchomeka. Nunua prosesa ambayo sehemu ya kuchora picha za gemu imo ndani yake.

Kwa watoto wadogo na gemu za zamani, kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100 inatosha kabisa. Prosesa imepangiwa wati 6, na mashine nzima mara nyingi haifiki 25. Usiilazimishe GTA V tu. Kwa vijana wanaotaka gemu za kweli, tafuta kompyuta ndogo yenye prosesa ya AMD Ryzen: 5700U, ambayo picha zake za ndani huitwa Vega 8, kwa mfuko wa wastani, 6800U au 7840HS ukiweza kupanda. Hiyo 7840HS inaruhusu kuwekwa kati ya wati 35 na 54. Kwenye gari iweke 35, na kwa skrini ya 720p hutaona cha kulalamikia.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengi Kariakoo hawatakuambia, nalo ni kubwa kuliko jina la prosesa: RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kompyuta. Picha za ndani ya prosesa hazina kumbukumbu yao, zinachota kwenye RAM ya kompyuta. Kijiti kimoja cha RAM ya aina ya DDR4-3200 kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili vinapitisha 51.2. Kwa hiyo vijiti viwili vya GB 8 vinaishinda GB 16 iliyo kwenye kijiti kimoja, na tofauti unaiona kwa macho, gemu iliyokuwa inakwamakwama inatulia. Mwambie muuzaji afungue kifuniko, uhesabu vijiti mwenyewe. Ni skrubu nne tu, hana sababu ya kukataa.

Usitishwe pia na maandishi ya kwenye adapta. Adapta ya wati 120 haimaanishi kompyuta inakula 120, huo ni uwezo wake wa juu. Chomeka plagi yenye mita ya wati nyumbani, washa gemu nzito kuliko zote ulizonazo, acha nusu saa, kisha soma. Hiyo ndiyo namba ya kuniletea.

Steam Deck, kompyuta ya gemu ya kushika mkononi, inastahili kutajwa peke yake. Prosesa yake inakwenda kati ya wati 4 na 15, skrini na pedi vimo humo humo, betri yake ni Wh (wati-saa) 40, au 50 kwa ile ya OLED ya mwaka 2023, na inachajiwa kwa USB-C ya wati 45. Chaja nzuri ya laita inaibeba bila kugusa waya wowote wa gari. Kwa familia yenye mtoto mmoja ningeishia hapo. Ila jihadhari na mpira: mfumo wa EA wa kuzuia udanganyifu haukubali Linux, na Steam Deck inakuja na Linux badala ya Windows. Kama kijana wako anaishi kwa ajili ya FC, hiyo gemu ya mpira ya EA, mchukulie kompyuta ya Windows.

Upande wa umeme, achana na inveta. Inapandisha volti 12 hadi 230, halafu adapta inazishusha tena hadi 19, na kila hatua inapoteza. Kompyuta ya wati 90 inaweza kuilipisha betri 115 hivi, na tofauti yote inageuka joto ndani ya gari. Tumia kigeuzi cha DC kinachotoka 12 kwenda 19 moja kwa moja. Kinachonifurahisha mimi ni DCDC-USB: kinapokea kuanzia volti 6 hadi 34, nawe unakipanga kitoe 19. Hiyo 6 ndiyo yenye maana. Ukipiga stata, betri inaweza kushuka chini ya volti 10 kwa kitambo, na kigeuzi kisichovumilia kinaizima kompyuta katikati ya gemu. Kingine kizuri, kinasoma swichi ya gari: ukizima injini, kinaiamuru kompyuta ijifunge vizuri kisha kinakata umeme.

Kukata huko si anasa. Betri ya gari ya NS60 ina Ah (ampea-saa) 45. Wati 60 ni ampea 5, kwa hiyo saa nne za kucheza gari likiwa limezimwa zinamaliza karibu nusu ya betri, na betri ya kuwashia gari haikuundwa kushuka hivyo. Ukirudia mara chache, unanunua nyingine.

Waya nao una hesabu yake. Kutoka kwenye betri hadi siti ya nyuma ni kama mita 4, kwenda na kurudi 8. Kwa ampea 10, waya wa milimita za mraba 2.5 unapoteza karibu volti 0.6, wa milimita za mraba 6 unapoteza kama 0.25. Weka wa 6. Fyuzi ikae jirani na betri, ndani ya sentimita 30, maana waya unaosuguana na bodi kabla ya kufika kwenye fyuzi hauna kinga yoyote. Ukimaliza, weka ncha za mita kwenye plagi ya nyuma huku gemu inaendelea na injini inawaka. Ukisoma chini ya volti 13, rudi ukakague viungo kabla ya kumkabidhi mwenye gari.

Diski iwe SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Diski ya kuzunguka haipendi mitikisiko ya barabara mbaya. Kompyuta usiifungie chini ya zulia wala kwenye boksi lisilo na tundu, na gari likianikwa juani, acha AC ifanye kazi kwanza ndipo uiwashe. Kwa skrini, zile TV za sola za volti 12 ni nzuri na rahisi kupatikana, ila soma kibandiko cha nyuma: gari likiwaka linatoa hadi 14.4, na TV isiyokubali hapo inahitaji kidhibiti cha volti. Ifunge mahali ambapo dereva haioni hata kwa kioo cha ndani.

Kwenye mipangilio ya gemu, funga fremu (picha kwa sekunde) ziwe 40 au 30. Bila kikomo, mashine inaweza kula wati zote ulizoipa hata kwenye ukurasa wa menyu.

Siku moja kabla ya safari, iweke Steam, programu inayofungulia gemu, kwenye hali ya kucheza bila mtandao, zima Wi-Fi, ufungue kila gemu ujionee inawaka. Na mkielekea Iringa, kuanzia Ruaha Mbuyuni watoto waweke pedi chini. Kona za Kitonga ukiwa umekazia macho skrini, kichefuchefu hakikosi.