Nywila ya Wi-Fi hailindi nyumba ambayo kompyuta yake iko wazi

Mimi ni fundi kompyuta, Mwanjelwa, Mbeya. Mama mmoja wa Uyole aliniita: "Fundi, nimebadilisha nywila mara tatu, mbona bando bado linaliwa?" Nilipofika nikaikuta laptopu yake sebuleni, haijafungwa, na vijana wa mtaani wamejaa kuangalia mpira. Kila alipobadilisha nywila, laptopu iliihifadhi, na yeyote aliyeketi pale aliweza kuisoma.

Jaribu kwako. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd (dirisha la kuandikia amri), uifungue kama msimamizi, kisha andika hivi, ukiweka jina la Wi-Fi yako mahali pa JinaLaWiFi:

netsh wlan show profile name="JinaLaWiFi" key=clear

Mbele ya maneno Key Content utaiona nywila yako herufi kwa herufi. Ndiyo maana mimi sianzii kwenye ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi.

Hatua ya 1: Funga kompyuta. Weka nywila kwenye akaunti, na kila unapoinuka, hata kama unakwenda kuonja mboga tu, bonyeza Windows na L kwa pamoja. Watoto na wageni wafungulie akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi.

Hatua ya 2: Simba diski, yaani yageuze yaliyomo yawe fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Wengi huiruka hii, nami inaniuma. Nywila ya Windows peke yake haimzuii mtu anayechomoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine, au anayewasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo wake. Atasoma mafaili yote. Windows Pro ina BitLocker, zana ya kusimba diski; iwashe. Itakupa ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Uandike kwenye karatasi, uuweke mbali na kompyuta. Tafadhali usiupoteze: siku ukihitajika na haupo, hakuna fundi atakayekurudishia picha zako.

Hatua ya 3: Ficha ruta. Chini yake pana kibandiko chenye nywila za kiwandani, na pana kitundu au kitufe cha kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Mtu akikibonyeza kwa sindano kwa sekunde kadhaa, nywila ya kibandiko inafanya kazi tena. Iweke juu, katika chumba kinachofungwa. Kuta zetu za tofali za kuchoma hupunguza mawimbi, kwa hiyo chagua chumba cha katikati.

Hatua ya 4: Sasa badilisha nywila. Kwenye kivinjari andika anwani iliyo kwenye kibandiko, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Anza na nywila ya msimamizi wa ruta, halafu ya Wi-Fi. Kwenye aina ya ulinzi wa Wi-Fi chagua WPA3, au WPA2 kama ruta ni ya zamani, na zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila nywila. Nywila inaruhusiwa herufi 8 hadi 63. Namba ya simu usiiweke kabisa. Unganisha maneno manne au matano yasiyohusiana, mfano wa parachichi-ngazi-shuka-redio, ila tunga yako.

Hatua ya 5: Wageni wape mtandao wa wageni, kama ruta inao. Na simu yako ifunge pia: kuanzia Android 10, simu isiyofungwa inaweza kuonyesha msimbo wa QR wa Wi-Fi kwenye mipangilio yake, na jirani akiuskani tu kwa kamera, ameshaingia.