SOMO: Siku ya kwanza kwenye meli ya kitalii, kwa wanaosafiri kutoka Uganda

Msimu wa meli za Dubai huanza baridi inapoingia huko, Novemba hivi. Ofisi za usafiri hapa Kampala hubandika picha za bwawa na taa, na simu yangu hujaa swali moja: "Dada, nikishapanda nifanye nini?" Nilikuwa stewadi wa vyumba kwenye meli hizo kabla sijarudi nyumbani, na nafurahi sana kuona watu wetu wakienda. Lakini kumjibu kila mtu peke yake sasa kumenishinda. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Mfano wangu ni safari ya kuanzia Dubai, maana ndiyo wengi wetu tunayoimudu.

Shikeni hili kwanza. Saa chache kabla meli haijang'oa nanga ni za kumaliza shughuli za meli: kadi, zoezi la usalama, nafasi za kuhifadhi, kujua njia. Anayezimaliza kwa kula na kupiga picha tu, kesho na keshokutwa atakuwa kwenye foleni wenzake wakiwa wameshuka kutembea Muscat.

1. Fika Dubai siku moja kabla. Kutoka Entebbe ni saa tano hivi angani, lakini ndege ikichelewa meli haikungoji. Tiketi inakupa muda wako wa kupanda, ufuate. Mlango hufungwa mapema, saa nzima au zaidi kabla ya kuondoka, kwa sababu orodha ya abiria lazima iwe imekamilika. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, na 16:00 kwenye tiketi ni saa kumi jioni ya huko.

2. Hati. Pasipoti iwe na miezi sita au zaidi. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano uwe nayo. Tangu 2016 chanjo moja inahesabiwa ya maisha, kwa hiyo kadi ya zamani inafaa mradi jina lilingane na la pasipoti. Kisha viza. Meli ikitoka Dubai ikaenda Oman au Qatar, halafu ikarudi Dubai, wewe umetoka Falme za Kiarabu na unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha kazi, na unaweza kukataliwa kupanda palepale gatini. Omba ya kuingia mara nyingi, uulize pia masharti ya kila nchi mtakayotia nanga, na jibu ulitake kwa maandishi.

3. Mkoba wa mkononi. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nimeona watu wakiharibikiwa.

Ukifika gatini unakabidhi sanduku kwa wapagazi. Linafungwa lebo yenye namba ya chumba, linapitishwa kwenye mashine, linarundikwa na maelfu mengine, kisha mastewadi wanayaburuta kila moja hadi mlangoni pa mwenyewe. Wapo wanaolipata saa tisa alasiri, na wapo wanaolipata baada ya chakula cha usiku. Muda wote huo hulioni.

Nilikuwa na abiria mmoja, mzee mwenye kisukari, amekuja na wanawe. Insulini yake ilikuwa sandukuni. Ndani ya sanduku hilohilo binti yake alikuwa ametia pasi ya umeme. Sanduku lenye pasi haliletwi chumbani: linazuiliwa hadi mwenyewe aitwe, alifungue mbele ya walinzi. Waliitwa, lakini familia nzima ilikuwa sitaha ya juu kwenye muziki na hawakusikia. Nilipolifuatilia mimi mwenyewe, jua lilikuwa limekwisha kuzama na mzee yuko kwa daktari wa meli. Daktari wa meli hulipiwa, tena si kidogo.

Kwa hiyo mkononi chukua dawa zote, si za siku moja tu, zikiwa kwenye pakiti zake zenye jina lako. Ongeza pasipoti, miwani, chaja, nguo moja ya kubadilisha, nguo za kuogelea za watoto na nepi. Usitie vyovyote kati ya hivi kwenye sanduku:
- pasi, birika la umeme, koili ya kuchemshia maji
- mishumaa, ubani na udi wa kuchoma. Moto ndicho kitu meli inachokiogopa kuliko mawimbi
- waya wa kurefusha umeme
- chakula cha kupikwa nyumbani. Nsenene zako zitaishia kwenye pipa la gatini

4. Kadi. Utapewa kadi ya meli (baadhi hutoa bangili). Ndiyo ufunguo, ndiyo kitambulisho, ndiyo pochi. Noti hazitumiki baa wala dukani. Unaiunganisha na kadi ya benki, au unaweka amana ya fedha taslimu kwenye dawati la wageni. Wa kadi ya debiti angalieni: benki hushikilia kiasi fulani, na kinaweza kuchelewa siku kadhaa kuachiliwa baada ya safari. Kabla ya kuondoka Kampala, iambie benki yako ifungue kadi kwa matumizi ya nje. Kampuni nyingi pia hukata ada ya huduma kwa kila mtu kwa kila usiku. Ulizeni mapema ili isije ikawashtua siku ya kushuka.

5. Zoezi la usalama. Lifanye mara tu unapopanda. Meli nyingi sasa zinakuonyesha video kwenye simu au runinga ya chumbani, halafu unakwenda mwenyewe kwenye kituo chako cha kukusanyikia, mfanyakazi anaiskani kadi yako. Herufi ya kituo iko kwenye kadi na nyuma ya mlango.

Nawaomba msilichukulie kama usumbufu. Tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda jioni ileile pale Civitavecchia na hawajafanya zoezi lolote, kwa kuwa sheria ya wakati ule iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Tangu 2015 sheria ya kimataifa inataka lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Sisi wa ukanda huu tunaikumbuka MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria Mei 1996, tunajua ziwa linavyochukua watu. Ukifika kituoni, usitazame simu. Tembea njia kutoka chumbani kwa ngazi, maana lifti hazitumiki wakati wa dharura. Hesabu milango. Waonyeshe watoto. Jua jaketi la kuokolea liko chumbani au kituoni. King'ora ni milio mifupi saba au zaidi, kisha mmoja mrefu.

6. Hifadhi nafasi. Maonyesho, mikahawa maalumu, klabu ya watoto. Fanya kwenye programu ya meli ya simu (app) ukiwa bado gatini.

7. Kula. Kila mtu hukimbilia ukumbi wa kujipakulia. Uliza kama ukumbi mkuu uko wazi mchana. Mara nyingi uko wazi na hauna watu. Nawa kwa sabuni na maji kabla hujashika kijiko cha wote. Ile dawa ya kupaka mikononi haiui vizuri norovirusi, na kirusi hicho huenea haraka sana melini.

8. Simu. Kabla meli haijaachana na gati, weka simu kwenye hali ya ndegeni. Baharini simu inajishika yenyewe kwenye mtandao wa setilaiti wa meli, na bili yake itakusumbua hadi Pasaka. Kifurushi cha intaneti kwa kawaida ni nafuu ukikinunua kabla ya kupanda.

9. Tembea meli yote. Anza sitaha ya juu, shuka ngazi moja moja, nenda omo hadi tezi. Vyumba huwa tayari mchana. Stewadi amepewa saa chache kusafisha vya waliotoka asubuhi, kwa hiyo usimgongee mlango. Nusu saa kabla ya kuondoka panda tezi, ushike nafasi kwenye uzio. Dubai ikiwasha taa huku inarudi nyuma, hapo piga picha utakavyo.

---

Maswali ya wanachama

Kiwanuka_Bweyogerere: Dada asante. Sasa tupande saa ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Bosi_Ntinda: Hilo zoezi ni lazima kweli? Mtu amelipa hela yake anataka kupumzika.

Mwandishi: Ni lazima. Anayekataa anaweza kushushwa na mizigo yake, na hela haimrudii. Nimeeleza sababu, tafadhali isome tena.

Bosi_Ntinda: Nimeuliza tu.

Mwandishi: Nami nimejibu tu, kaka. Lifanye dakika ya kwanza, utapumzika wiki nzima.

Hajat_Mbale: Mwanangu, Mungu akubariki. Kuhusu chakula halali na swala, inakuwaje humo? Kibla nitakijuaje na chombo kinageuka?

Mwandishi: Amina Hajat, umeuliza jambo ambalo ningepaswa kuliweka juu. Chakula: usidhani kwamba kwa kuwa ni Dubai basi nyama yote ni halali. Meli nyingi ni za kampuni za Ulaya au Marekani na majiko yao ni ya dunia nzima. Andika ombi lako wakati wa kukata tiketi, kisha siku hiyo ya kwanza nenda ukumbi mkuu kabla ya chakula cha jioni, umtafute mkuu wa wahudumu. Mweleze mwenyewe, na atakuonyesha kila jioni kinachokufaa. Samaki na mboga havikosekani. Kibla: dira ya simu hudanganyika ndani kwa sababu ya chuma, kwa hiyo ipime sitaha ya wazi. Runinga ya chumbani ina chaneli ya ramani inayoonyesha meli imeelekea wapi. Itazame kabla ya kila swala. Mswala wako uchukue kwenye mkoba wa mkononi.

Hajat_Mbale: Nimefurahi sana. Na ubani wangu ndio nauacha?

Mwandishi: Uuache, Hajat. Chukua mafuta ya udi ya kujipaka, hayo hayana shida.

Mwalimu_Moyo: Chombo nilichopanda maishani ni feri ya Laropi tu. Naogopa kutapika mbele za watu. Meli kubwa hivyo nayo huyumba? Kwa nini baadhi ya watu hawasikii chochote?

Mwandishi: Mwalimu, huyumba, ila kidogo kuliko unavyofikiri. Chini ya maji pembeni ina mapezi yanayokunjuka kupunguza kulala upande, na Ghuba imezungukwa na nchi kavu pande nyingi, si kama bahari kuu. Kizunguzungu hutokea sikio la ndani linaposema "tunasogea" huku jicho linatazama ukuta uliotulia. Ndiyo maana dawa ya kwanza ni kutoka nje na kutazama upeo wa bahari. Chumba cha katikati na cha sitaha za chini huyumba kidogo zaidi, kama mbao ya kubembea ya watoto: katikati husogei. Kama una dawa ya kichefuchefu, inywe kabla hujaanza kuumwa, baada ya kumuuliza mfamasia. Tangawizi kavu nayo inasaidia wengi. Usikae na njaa.

Nakato_Ntungamo: Naongeza, kuta za vyumba ni za chuma. Mimi huchukua vile vikulabu vya sumaku, natundika kofia na taulo. Chumba kidogo kinapata nafasi.

Mwandishi: Kweli kabisa. Na gauni lililokunjamana litundike bafuni uoge maji ya moto, mikunjo italegea bila pasi.

Simu_ya_Wandegeya: Nina mobile money pekee, nitalipaje humo?

Mwandishi: Hatua ya 4. Fedha taslimu, amana, dawati la wageni.

Kijana_Kasese: Dada, mimi sina hela ya tiketi lakini nataka kazi kama uliyofanya. Kuna mtu mjini anataka milioni tatu anipeleke. Nimlipe?

Mwandishi: Usimlipe. Mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006 unakataza mtafutwa kazi kutozwa ada ya kuajiriwa. Gharama zako halali ni pasipoti, kwa kawaida cheti cha afya cha baharia, na mafunzo ya msingi ya usalama: kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza. Kwa sisi walio karibu kuna Bandari Maritime Academy pale Mombasa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Ukiwa na uzoefu wa hoteli, hata ya Fort Portal au Mweya, uandike vizuri na upate barua. Waajiri wanatafuta mtu aliyetandika vitanda kweli. Kiingereza ukizungumze kila siku. Una miaka mingapi?

Kijana_Kasese: 22. Nahudumu hotelini mwaka wa pili.

Mwandishi: Hapo ulipo pazuri. Kaa, pata barua, nitumie ujumbe pembeni nikuonyeshe jinsi wasifu wangu ulivyoandikwa.

Mama_Twins_Jinja: Nimerudi kwenye hatua ya 2. Viza zetu zimeandikwa kuingia mara moja. Aliyetuuzia anasema haina shida.

Mwandishi: Njia yenu inapita wapi?

Mama_Twins_Jinja: Dubai, Doha, Dubai. Tunaondoka baada ya wiki tatu.

Mwandishi: Basi ina shida. Kesho asubuhi uwe mlangoni kwa huyo aliyekuuzia kabla hajafungua, umtake aiandikie kampuni ya meli ukiwa umeketi hapo, na jibu lao ulisome wewe mwenyewe. Viza za watoto pia ziangalie moja moja.